Nilivyojiuguza Nyumbani Baada ya Kung'olewa Meno Yote

Wako watu wengi wanaoona haya kusema habari za kinywa chao. Mtu akivunjika mguu atakueleza mahali alipoanguka, jiwe lililomkwaza, na jina la rafiki aliyembeba. Lakini mtu aliyepotewa na meno hufunika mdomo kwa kiganja, akageuza mazungumzo. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Leo naandika habari zangu bila kuficha, kwa kuwa naamini ziko nyumba nyingi ambazo ndani yake mtu amekaa kando ya moto ameshika shavu, hajui afanye nini, wala hathubutu kuuliza.

Mimi ni mkulima wa viazi na mfugaji wa ng'ombe watatu katika Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua. Zaidi ya hayo, kwa muda wa miaka 26 nimekuwa karani wa chama chetu cha ushirika cha maziwa. Kazi yangu ni kuandika maziwa ya kila mwanachama asubuhi, na kila mwaka kusimama mbele ya mkutano mkuu na kusoma hesabu. Wahenga walisema kwamba kinywa ni jumba la maneno. Kwangu mimi kinywa kilikuwa pia jembe, maana ndicho kilichonilisha.

Basi yafaa kwanza nieleze jinsi meno yangu yalivyopotea, ili msomaji asidhani kwamba lilikuwa jambo la ghafula. Nilipokuwa na umri wa miaka kama 35 niliona damu kwenye mswaki wangu. Nikafikiri mswaki ndio adui, nikauweka kando. Siku nyingine nilisukutua kwa maji tu, siku nyingine sikufanya hata hivyo. Damu ilipungua, nami nikajiona mwenye akili. Baadaye ndipo nilipofahamishwa kwamba nilitenda kinyume kabisa. Damu ile ilikuwa ya ugonjwa wa fizi, na ugonjwa huo huletwa na ukoga unaokaa kwenye shina la jino. Ukoga usiposafishwa huwa mgumu kama chokaa, hapo mswaki hauwezi tena kuuondoa, hata daktari aukwangue kwa vyombo vyake. Ukiachwa, ufizi huvimba na kujitenga na jino, na mfupa ulioshika mzizi huliwa polepole. Ubaya wa maradhi haya ni kwamba mara nyingi hayaumi. Mtu anayeumwa hutafuta dawa, lakini asiyeumwa hulala usingizi.

Nami nililala usingizi miaka mingi. Nilipoamka meno yalikuwa yakicheza kama vigingi vya ua uliooza. Nilikuwa pia mvutaji wa sigara, na sigara huongeza maradhi ya fizi, tena huyaficha, kwa kuwa hupunguza ile damu ambayo ingemwonya mtu. Mtu mzima aliyekamilika huwa na meno 32, nami nilibakiwa na 14 tu, na hayo 14 hayakuweza kutafuna hata punje moja ya mahindi. Daktari wa meno alipiga picha ya taya zangu, akaniwekea mbele ya dirisha, akasema, "Mzee, tazama. Meno haya hayaugui. Nyumba yao ndiyo iliyobomoka." Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikubakiwa hata na ukuta wa kujenga.

Nilikwenda hospitali siku ya Jumanne, mwezi wa Julai, wakati baridi ya kwetu ni kali. Kabla ya kushika koleo, daktari aliniuliza maswali mengi: kama nina ugonjwa wa sukari, kama nina shinikizo la damu, kama natumia dawa zozote, hasa zile za kuifanya damu iwe nyepesi. Nawasihi wasomaji wasimfiche daktari jambo lolote katika hayo. Kisha akanipiga sindano za ganzi, na meno yote 14 yakatoka asubuhi ile ile. Sikusikia uchungu, ila kusukumwa na sauti ya mfupa, na sauti hiyo sitaisahau. Mwisho alishona fizi kwa nyuzi, akanipa vipande vya shashi niviume, na karatasi ya maagizo.

Katika njia ya kurudi niliketi ndani ya matatu nimejifunga shali hadi puani. Utingo aliponiuliza nashuka wapi nilimwonyesha kwa kidole. Abiria mmoja akasema, "Mzee huyu ni bubu," na wengine wakanihurumia. Nilitazama nje dirishani. Hapo ndipo haya iliponiingia, nami sikujua bado kwamba haya hiyo itanidhuru kuliko koleo la daktari.

Sasa nieleze maagizo yenyewe, maana kwa kiasi kikubwa uponyaji wa mtu aliyeng'olewa meno hufanyika nyumbani mwake, si hospitalini.

Jino likitoka huacha tundu katika mfupa. Tundu hilo hujaa damu, na damu hiyo huganda ikawa donge. Donge hilo ndilo kifuniko cha kidonda na ndilo mwanzo wa nyama mpya. Kwa hiyo kazi yote ya siku za kwanza ni kulilinda donge hilo. Mgonjwa huuma shashi kwa nguvu ya kadiri muda wa nusu saa au zaidi, bila kuifungua kila mara ili atazame. Siku ya kwanza hasukutui, hatemi mate kwa nguvu, hanyonyi kitu kwa mrija, hanywi chai ya moto wala pombe, wala havuti sigara. Hulala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Huweka kitambaa cha maji baridi juu ya shavu kwa dakika 15 au 20, kisha hukiondoa, kisha hurudia. Sisi hatuna barafu nyumbani, lakini maji ya tangi la Kinangop mwezi wa Julai hayahitaji barafu.

Dawa ya maumivu niliyopewa ni vidonge vya paracetamol vya miligramu 500, viwili kila baada ya saa sita, na nikaonywa nisizidishe vidonge vinane kwa siku moja. Nilikatazwa aspirini, kwa sababu huzuia damu isigande. Nasema haya kwa kuwa wengi wetu tukiumwa humeza chochote kilicho kabatini.

Usiku wa kwanza ganzi ilipokwisha, uchungu ulikuja, lakini ulistahimilika. Kilichotutisha ni damu. Kiasi cha saa tano usiku bibi yangu aliona mto umelowa wekundu, akapiga kelele, akataka kumwita jirani mwenye gari. Nilitikisa kichwa. Kumbe damu kidogo ikichanganyika na mate mengi huonekana kama imechinjwa mbuzi. Shashi zilikuwa zimekwisha. Bibi yangu alikumbuka neno ambalo muuguzi alimwambia mlangoni: alichukua vifuko viwili vya majani ya chai, akavilowesha kwa maji moto, akaviacha vipoe, akavikamua, akanipa nikaviuma. Ndani ya majani ya chai mna kitu kichungu ambacho hukaza nyama na kusaidia damu kuganda. Niliuma nusu saa kwa saa ya ukutani, na damu ikakoma. Maisha yangu yote nimeona majani ya chai yakinywewa tu, sikujua kwamba yaweza kufunga kidonda.

Siku ya pili uso ulivimba. Daktari alikuwa amenionya kwamba uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, ndipo huanza kupungua. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kujiona katika kioo ni kitu kingine. Niliona mzee ambaye simjui: mashavu yamejaa, midomo imeingia ndani, kidevu kimepanda karibu na pua. Nilikiweka kioo kifudifudi. Nikamwandikia bibi yangu katika karatasi: "Akija mtu yeyote, mwambie nimekwenda Nakuru." Alisoma, akanitazama kwa muda, akasema, "Baba watoto, uongo huu utatuchosha." Walakini alitii.

Aliyenipata kwanza ni mjukuu wangu wa miaka sita. Yeye hakuambiwa habari ya Nakuru. Aliingia, akanitaka nifungue kinywa, akatazama kama bwana afya anavyotazama kisima. Kisha akafungua chake, akanionyesha pengo la jino la utoto lililotoka wiki ile. Akaniuliza, "Guka, yako yataota lini?" Sikuwa na jibu. Nilimshika kichwa tu. Alipotoka nililia kidogo, si kwa uchungu wa fizi.

Sasa naungama kosa langu kubwa. Jioni ya siku ya tatu nilijiona nafuu, na moyo ulikuwa mzito. Nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, nikawasha sigara moja. Nilivuta mara nne au tano, nikaizima. Nilijiambia kwamba kitu kidogo hivyo hakiwezi kumdhuru mtu. Lakini kuvuta ni kunyonya, na kunyonya huling'oa donge la damu. Tena moshi wenyewe huchelewesha kidonda kupona. Asubuhi ya siku ya nne niliamka na uchungu ambao sijapata kuuona. Ulitoka taya la chini, upande wa kulia nyuma, ukapanda sikioni hadi kwenye kipaji cha uso. Kinywa kilikuwa na ladha mbaya na harufu iliyooza. Donge lilikuwa limetoka, na mfupa umebaki mtupu kama mti uliobanduliwa gome.

Je, nilisema? Sikusema. Nilijua nikisema nitaulizwa sababu, na sababu ilikuwa aibu juu ya aibu. Nikameza vidonge, nikageukia ukuta. Siku mbili nzima sikula ila vijiko vichache vya maziwa. Mficha maradhi, wasema wahenga, kilio humfichua. Usiku wa pili nilikuwa nikiuma kona ya blanketi kwa fizi ili nisilie kwa sauti, na bibi yangu akawasha taa. Alisikia harufu ya kinywa changu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia: "Kipande cha sigara nilikiona nyuma ya zizi tangu juzi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Hakunikemea. Kulipopambazuka alinifunga shali mwenyewe, tukaenda hospitali.

Daktari naye hakushangaa. Alisafisha tundu kwa maji ya uvuguvugu, akaweka ndani yake utambi wenye dawa iliyotiwa mafuta ya karafuu. Ni karafuu ile ile tuijuayo kutoka Unguja na Pemba. Kabla sijashuka katika kiti uchungu ulikuwa umepungua nusu, na jioni ile nilipata usingizi wa kwanza. Aliniambia kwamba jambo hilo huwapata hasa waliong'olewa meno ya nyuma ya taya la chini, na wavutaji zaidi kuliko wengine. Akaongeza, "Ungalikuja siku ile ile, ungalijiokoa siku mbili za mateso." Nilitoa pakiti mfukoni, nikaiacha juu ya meza yake. Tangu siku hiyo sijavuta tena.

Tuliporudi nyumbani, uongo wa Nakuru ulikuwa umekwisha. Yuko mama mmoja mkongwe, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ambaye hana jino hata moja kwa muda mrefu kuliko nikumbukavyo. Alikuja siku ya saba na kibuyu cha maziwa lala. Aliketi, akanitazama, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Mwanangu, karibu katika ukoo wetu." Nami nikajikuta nacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne ile, na nilicheka kinywa wazi.

Mama huyo alinifundisha kula. Mtu aweza kudhani kwamba kula ni jambo ambalo mzee wa miaka 61 hahitaji kufundishwa, lakini sivyo. Alimwonyesha bibi yangu kuchuja uji wa wimbi ili chembe zisiingie katika matundu, na kuuacha upoe hadi uvumiliwe na ndani ya kiwiko cha mkono, kama apewavyo mtoto. Viazi vya shamba letu tulivichemsha na kuviponda pamoja na maziwa na siagi kidogo. Mayai yalipikwa laini. Parachichi lilipondwa kwa kijiko. Maharagwe yalichemshwa mpaka yakavunjika, yakapitishwa kwenye chujio, nikanywa mchuzi wake mzito. Alisisitiza mayai, maziwa na maharagwe, akisema kwamba uji peke yake hujaza tumbo bila kujenga nyama. Nilipomwuliza daktari baadaye alisema kwamba mama huyo amesema kweli, kwani kidonda huhitaji chakula cha kujenga mwili ili kifunge. Nilikuwa nimepungua kilo nne. Kwa chakula hicho nilianza kurudi.

Kila baada ya kula nilisukutua kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika gilasi ya maji ya uvuguvugu. Kazi hii huanza baada ya saa 24, si kabla. Maji hayatemwi kwa nguvu. Mtu huinamisha kichwa na kuyaacha yaanguke yenyewe. Nyuzi zilikwisha kabla ya siku kumi. Kufikia wiki ya tatu fizi zilikuwa zimefunga, ingawa mfupa ulio chini huendelea kujijenga na kujipanga kwa miezi mingi. Wakati mwingine kipande kidogo cha mfupa chenye ncha kali huchomoza kwenye ufizi. Mimi nilipata kimoja, nikadhani ni jino lililosahauliwa. Daktari alikiondoa kwa dakika moja.

Jambo lililobaki lilikuwa mkutano mkuu wa chama, ambao uliwekwa siku ya 24 tangu kung'olewa. Meno ya bandia sikuwa nayo. Wako watu wanaowekewa siku ile ile, lakini kwangu daktari aliona heri fizi zipone na taya zitulie kwa miezi michache kwanza, maana mfupa usio na meno husinyaa, na husinyaa zaidi katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo nilipaswa ama kumpa kijana mwingine asome hesabu, ama kusoma mwenyewe kwa kinywa kile kile.

Nilijaribu kusoma chumbani, mlango umefungwa. Ndipo nilipogundua balaa. Herufi f hutamkwa kwa meno ya juu kugusa mdomo wa chini. Sauti ya dh hutamkwa kwa ulimi kati ya meno. Basi neno moja lililojaa katika hesabu za chama chochote ni neno gani? Ni "fedha." Nilisema "fedha" mara ishirini, na mara ishirini ulitoka upepo tu. "Faida" ilikuwa upepo. "Thelathini na tatu" ilikuwa mate. Nikaketi kitandani, nikaandika barua kwa mwenyekiti kumwomba aniwie radhi, nikaiweka mfukoni.

Siku mbili kabla ya mkutano alikuja daktari wa mifugo anayetibu ng'ombe wetu, mtu wa Nyanza. Alinikuta nje, sikuwahi kujificha. Alipoona hali yangu hakushangaa. Aliniambia kwamba babu yake alikuwa hana meno sita ya mbele ya chini tangu ujana wake, kwa kuwa zamani ilikuwa desturi ya Wajaluo kuyang'oa meno hayo wakati kijana anapoingia utu uzima. "Pengo lile," alisema, "ndilo lililomfanya ahesabiwe kuwa mtu mzima. Na alikuwa msemaji wa ukoo." Alipokwisha kumchoma ng'ombe sindano akaenda zake, bila kujua kama amenitibu na mimi.

Nilifikiri sana usiku ule. Kwa watu wale pengo lilikuwa heshima, na kwangu lilikuwa aibu. Lakini mfupa ni ule ule na ufizi ni ule ule. Basi aibu haikuwa kinywani, ilikuwa katika mawazo yangu. Na zaidi ya hayo, wanachama walinipa kalamu kwa miaka 26 kwa kuwa hesabu zangu ni za kweli. Hawakunipa kwa ajili ya meno.

Siku ya mkutano nilisimama. Barua ilikuwa bado mfukoni. Nikaanza kwa kusema, "Ndugu wanachama, nimeng'olewa meno yote. Nitasoma polepole. Asiyesikia neno aniulize, nitalirudia." Ukumbi ulinyamaza. Nilipofika mahali pa kwanza penye "fedha," upepo ulitoka, na vijana wa nyuma wakacheka. Hapo yule mama mkongwe aliyekuwa ameketi mbele akageuka, akawaambia kwa sauti, "Kwa hesabu ya chupa zenu hapa hamjawahi kucheka. Sikilizeni." Nikaendelea. Ilinichukua saa nzima kusoma kilichonichukua nusu saa miaka mingine, nami nikasema baadaye kwamba sijawahi kusikilizwa vizuri namna ile. Waliuliza, nikarudia, na kwa sababu ya kurudia watu wawili waliona makosa katika maziwa yao, tukayasahihisha papo hapo. Mwisho walipiga makofi. Barua niliichoma jikoni usiku ule.

Leo ninayo meno ya bandia. Nashukuru kuwa nayo, lakini sitaki kumdanganya msomaji. Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili, na miongoni mwa meno yake ya bandia yalikuwamo yaliyochongwa kwa pembe ya kiboko. Yalimtesa mpaka mwisho. Ya siku hizi ni ya plastiki, ni mepesi na hupimwa sawasawa na kinywa, hata hivyo mtu hujifunza upya kula na kusema kwa majuma kadhaa. Usiku huyatoa, huyasugua kwa mswaki na sabuni laini, na kuyalaza katika maji. Fizi zenyewe pia husafishwa. Na baada ya muda, taya zikisinyaa, meno hulegea, hapana budi kurudi kwa daktari ayapime tena. Mimi sasa natamka "fedha" sawasawa, lakini mahindi ya kuchoma nimewaachia wajukuu.

Kwa hiyo nina maneno machache ya kuwaachia wasomaji wenzangu. Ukiona damu kwenye mswaki, usiutupe mswaki. Piga mswaki mara mbili kila siku kwa upole, na umwone daktari wa meno mapema. Ukiwa umekwisha kung'olewa, lilinde lile donge la damu kama unavyolinda mche mchanga. Damu isiyokoma ingawa umeuma kitambaa, homa, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, uchungu mpya unaokuja baada ya nafuu, haya yote ni ya kukurudisha hospitali bila kungoja. Na ukishindwa kumeza au kuvuta pumzi, usingoje hata saa moja. Nawe uliye na mgonjwa nyumbani, usingoje akuambie. Mtazame, maana huenda ananyamaza kwa haya.

Mjukuu wangu amekwisha kuota jino jipya mahali pa lile pengo. Kila jioni twasimama wawili karibu na tangi la maji, yeye akisugua yake, mimi nikisugua yangu mkononi. Juzi aliona damu kidogo kwenye mswaki wake, akataka kuacha. Nilimshika mkono, nikamwambia aendelee.